Mwanajuma wa Alhamisi Usiku

Mtoto wa kike akizaliwa Lamu siku ya Alhamisi, saa mbili usiku, ni Mwanahamisi au ni Mwanajuma?

Hospitalini jibu ni rahisi. Muuguzi anaangalia saa ya ukutani, anaandika tarehe, na tarehe hiyo haigeuki mpaka saa sita usiku ifike. Mtoto ni wa Alhamisi. Lakini toka nje ya wodi umuulize ajuza yeyote aliyekaa kwenye benchi akisubiri habari. Atakwambia jua limeshazama, Alhamisi imekwisha, na huu ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Mtoto ni Mwanajuma, tena ana bahati. Kwake yeye siku huanza magharibi, ndiyo maana hata saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapozama na linapochomoza. Muuguzi na ajuza wote wako sawa, ila kila mmoja anashika kalenda yake.

Mimi nimekuwa nikifuatilia majina ya siku kwa muda sasa, hasa ya wasichana, na sababu si kwamba natafutia mtoto jina. Sababu ni kwamba wanawake wa zamani hawakuachiwa nafasi kubwa kwenye karatasi. Ukisoma historia ya pwani, ya Ghana, ya Jamaika, wanaume wana barua, mikataba, vyeo na makaburi yenye maandishi. Mwanamke mara nyingi ana neno moja tu, jina. Na jina hilo likiwa la siku, basi umepata angalau kitu kimoja cha hakika juu ya maisha yake. Siku hiyo mtu alikuwepo, akahesabu.

Tuanze nyumbani, manake juma letu la Kiswahili lina jambo la ajabu ambalo tumelizoea hadi hatulioni. Tunahesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Halafu hesabu inakatika ghafla. Hatusemi Jumasita. Tunasema Alhamisi, na baada yake Ijumaa. Siku tano zina namba za Kibantu, siku mbili zina majina ya Kiarabu. Na hapo kuna kichekesho kidogo, kwa sababu Alhamisi nayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, Waswahili wakaanza Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Kwa hiyo kila wiki tunapita siku ya tano mara mbili mfululizo, Jumatano kisha Alhamisi, na hakuna anayeshtuka.

Kwa nini hesabu ianze Jumamosi? Kwa sababu Ijumaa ndiyo kilele, siku ya kukusanyika msikitini, na Alhamisi ni mlango wake. Siku zenye heshima zilibaki na majina. Siku za kazi zikapewa namba. Ukiangalia miezi ya Kiswahili ya zamani utaona mtindo uleule. Ramadhani ndiyo kilele cha mwaka, na ikishaisha, hesabu inaanza: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hivyo hivyo hadi Mfungo Tisa. Kisha namba zinakoma na majina yanarudi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Wazee wa pwani waliupanga mwaka kama walivyolipanga juma. Hesabu huanza baada ya kitu kitakatifu, na ukikikaribia tena, unaacha kuhesabu.

Sasa angalia majina ya watu. Nani hajui Juma? Hamisi? Rajabu, Shabani, Ramadhani? Na wasichana: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi aliyezaliwa siku ya Idi, Arafa aliyezaliwa siku mahujaji wanaposimama Arafa, Mwaka aliyezaliwa siku ya mwaka mpya wa jadi, ule ambao Makunduchi kule Unguja bado wanausherehekea kila Julai. Majina yote haya yametoka kwenye siku na miezi isiyokuwa na namba. Ni kweli Tanzania kuna akina Jumanne wengi, na wasichana wanaoitwa Pili na Tatu wapo kote, ingawa Pili na Tatu mara nyingi huhesabu watoto wa mama mmoja, si siku za wiki. Lakini kwa jumla, siku yenye namba haikuzaa jina la msichana pwani. Hakuna Mwanajumatano. Mtoto wa Jumatano aliitwa jina la nyanya yake, au la mmoja wa wake wa Mtume, na siku yake ikasahaulika.

Hilo neno Mwana mwanzoni mwa majina ya wasichana nalo lina uzito. Ukilisoma haraka unafikiri ni mtoto tu, mtoto wa Ijumaa. Lakini katika Kiswahili cha kale, hasa cha kaskazini, Mwana ni neno la heshima kwa mwanamke, kama vile Bwana kwa mwanamume. Mwana Mkisi ndiye malkia anayetajwa katika masimulizi ya kuanzishwa kwa Mombasa. Mwana Khadija alitawala Pate katika karne ya 18. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye binti aliitwa Mwana Hashima. Kwa hiyo Mwanajuma unaweza kulisikia kwa namna mbili, Mtoto wa Ijumaa au Bibi Ijumaa. Mvulana ni Juma tupu, kama siku yenyewe ilivyo. Msichana amevishwa cheo.

Wengine nyumbani hawakuwa na juma la siku saba kabisa. Majirani wa Waswahili, Wamijikenda, walihesabu juma la siku nne, na siku ya nne, ya kupumzika jembe, ni Jumwa. Jumwa ni jina la msichana pia, utalisikia sana Kilifi na Malindi. Ukipanda bara, majina yanaacha siku na kushika saa. Kwa Wajaluo, Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Kwa Wakalenjin, Chepkoech ni wa alfajiri, Chebet wa mchana, Cherotich wa saa ng'ombe wanaporudi zizini. Hawa walitazama jua na mifugo. Juma la siku saba halionekani angani kama mwezi au jua linavyoonekana. Ni makubaliano ya watu, na mahali makubaliano hayo hayakufika, hakuna aliyewaza kumwita mtoto kwa siku.

Mahali makubaliano hayo yalishika sana ni Afrika Magharibi, na huko ndiko majina ya siku ya wasichana yalikamilika yote saba. Kwa Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, msichana wa Jumapili ni Ladi, wa Jumatatu ni Tani, wa Jumanne Talatu, wa Jumatano Laraba, wa Alhamisi Lami, wa Ijumaa Jummai, wa Jumamosi Asabe. Yasikilize vizuri utasikia Kiarabu kilekile kilichotupa Alhamisi na Ijumaa, ila wao waliyachukua majina yote saba badala ya mawili. Kisha kuna kitu kilichonifurahisha. Mvulana wa Jumapili kwa Kihausa ni Danladi. Wa Alhamisi ni Danlami, wa Ijumaa Danjuma. Dan ni mwana wa. Yaani kwetu mvulana ndiye siku yenyewe na msichana ndiye aliyeongezewa neno, Juma na Mwanajuma. Kwao msichana ndiye siku yenyewe, na mvulana ndiye wa kuongezewa, Jummai na Danjuma. Dini ni moja, siku ni moja, lakini mwenye siku amebadilika.

Ladi mmoja unaweza kumkuta kwenye pesa. Noti ya naira 20 ya Nigeria ina picha ya mwanamke akifinyanga mtungi. Ni Ladi Kwali, mfinyanzi aliyejifunza kazi kwa wanawake wa kwao, akajiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, na vyungu vyake vikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Jina analojulikana nalo ni siku na mahali: Jumapili wa Kwali. Hakuhitaji zaidi.

Lakini hakuna watu waliolichukua jambo hili kwa uzito kama Waakan wa Ghana. Kwao jina la siku halipambi tu, wanaliita jina la roho. Mtu anapozaliwa, roho yake inakuja na siku yake, na siku hiyo inajulikana kabla baba hajafikiria jina lolote. Msichana wa Jumatatu ni Adwoa, wa Jumanne Abena, wa Jumatano Akua, wa Alhamisi Yaa, wa Ijumaa Afua, wa Jumamosi Ama, wa Jumapili Akosua. Mtoto hutolewa nje na kupewa jina siku ya nane, yaani siku yake ikishazunguka na kurudi mara ya kwanza. Akifika siku hiyo, amethibitisha kwamba anakaa. Baba anaweza kuongeza jina la babu au la rafiki, lakini lile la siku hakuchagua yeye. Hata mfalme hawezi kumchagulia mwanawe siku.

Siku zenyewe zina tabia. Kwa Waasante, Alhamisi ni siku ya dunia, ardhi yenyewe, ambayo wanaiita Asase Yaa, na zamani mkulima hakutia jembe ardhini siku hiyo. Kwa ndugu zao Wafante wa pwani, ardhi ni Asase Efua, ya Ijumaa. Kwa hiyo hata dunia ni mwanamke aliyezaliwa siku fulani, na ana jina kama wasichana wote wa siku hiyo.

Yaa maarufu kuliko wote ni Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Machi 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alikwenda Kumasi akadai aletewe Kiti cha Dhahabu akikalie, kiti ambacho hata mfalme wa Asante hakukikalia. Mfalme, Prempeh wa Kwanza, alikuwa ameshakamatwa tangu 1896. Yaa Asantewaa akasimamisha vita. Waingereza waliposhinda, walimpeleka uhamishoni Ushelisheli, na huko akafa mwaka 1921, kabla Prempeh hajaruhusiwa kurudi nyumbani mwaka 1924. Napenda kumkumbuka hapo Ushelisheli. Mwanamke wa Alhamisi kutoka misitu ya Asante akazeeka kwenye bahari yetu hii, ng'ambo tu ya pwani yenye akina Mwanahamisi wasiokuwa na habari kwamba dada yao wa siku moja yuko karibu.

Yaa alivuka bahari kama mfungwa wa vita, na dunia nzima ilijua jina lake. Wengi zaidi walivuka bahari nyingine kabla yake, ile ya Atlantiki, na wao ndio wanaonifanya niandike.

Katika karne ya 18 watu wengi waliouzwa kutoka pwani ya Ghana ya leo waliishia Jamaika, kwenye mashamba ya miwa. Walinyang'anywa ukoo, mji, kiti cha babu, jina la baba. Jina la siku likabaki. Ukifikiria, lina sababu ya kubaki. Halihitaji ukoo wala baba. Linahitaji siku saba tu, na wiki haikwami bandarini. Mwaka 1774 Edward Long, mzungu mwenye mashamba na mwenye dharau kubwa kwa Waafrika, alichapisha historia yake ya Jamaika, na ndani yake akaweka orodha ya majina haya kama alivyoyasikia. Kwa wanawake: Jumatatu Juba, Jumanne Beneba, Jumatano Cuba, Alhamisi Abba, Ijumaa Phibba, Jumamosi Mimba, Jumapili Quasheba. Ni walewale. Adwoa amekuwa Juba, Abena amekuwa Beneba, Afua amekuwa Phibba. Masikio ya Kiingereza yameyakwaruza, lakini siku zimekaa mahali pake.

Nikiisoma orodha ile najiuliza kwani ni wangapi. Nataka niwataje wawili tu, wote wa mwaka mmoja, 1760.

Wa kwanza ni Cubah, wa Jumatano. Mwaka huo ulizuka uasi mkubwa wa watumwa unaoitwa Vita vya Tacky. Mjini Kingston Waakan walimteua Cubah, naye mtumwa, kuwa malkia wao. Long mwenyewe anasimulia kwamba katika mikutano yao alikaa kwa heshima chini ya mwavuli, na taji kichwani. Akakamatwa, akahukumiwa kusafirishwa nje ya kisiwa. Akamshawishi nahodha amshushe upande mwingine wa Jamaika. Akakaa huko kwa siri kwa muda, akakamatwa tena, akauawa. Hatujui alizaliwa wapi. Hatujui jina la mama yake. Tunajua Jumatano.

Wa pili ni Phibbah, wa Ijumaa. Yeye alikuwa upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye shamba la miwa ambako msimamizi wake alikuwa Mwingereza Thomas Thistlewood. Huyu Thistlewood alifika Jamaika mwaka 1750 na aliandika shajara karibu kila siku hadi alipokufa mwaka 1786: mvua, mazao, viboko, na ukatili aliowatendea wanawake wa shambani, ameuandika bila aibu kama mtu anayeandika bei ya sukari. Phibbah alikuwa mtumwa wa jikoni, akaishi naye zaidi ya miaka 30. Mwaka uleule wa uasi alimzalia mtoto wa kiume, John, ambaye alikufa kijana mwaka 1780. Phibbah alifuga, alishona, aliuza, akawa na pesa zake, na kuna wakati alimkopesha Thistlewood. Mtumwa anamkopesha msimamizi wake, hebu fikiria. Thistlewood aliacha wosia kwamba anunuliwe uhuru wake. Maisha yake yote tunayajua kwa kalamu ya mtu huyo, ila kitu kimoja. Jina halikutoka kwake. Hilo ni neno la Kiakan, lilikuwepo kabla yake, na kwa lugha yetu maana yake ni Mwanajuma.

Sasa nisieleweke vibaya. Jina la siku si ngao. Mwenye nguvu naye anaweza kulitumia, tena kwa urahisi, kwa sababu halimgharimu kufikiri. Mwaka 1719 Daniel Defoe alichapisha Robinson Crusoe, na ndani yake mzungu anamwokoa mtu, hamuulizi jina, anamwita Ijumaa kwa sababu ndiyo siku aliyomwokoa. Ijumaa wa Defoe na Phibbah wa Jamaika wana jina moja kwa maana, lakini tofauti ni kama mbingu na ardhi. Mmoja amehesabiwa kutoka siku aliyozaliwa. Mwingine amehesabiwa kutoka siku alipopata bwana.

Wala tusijifanye pwani yetu ilikuwa safi. Hapa Juma angeweza kuwa mwungwana na Juma angeweza kuwa mtumwa, jina lenyewe halikusema. Kilichosema ni kile kilichofuata baada ya jina, bin nani, binti nani. Mwungwana alikuwa na baba wa kutajwa. Na kwa wanawake uhuru ulichelewa zaidi. Amri ya kukomesha utumwa Zanzibar ilitoka 1897, lakini masuria hawakuhesabiwa ndani yake hadi sheria nyingine ya 1909. Kwenye pwani ya Kenya amri ilikuja 1907. Mwimbaji mkubwa wa Unguja, Siti binti Saad, alizaliwa karibu mwaka 1880 akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilikuwa hali, si siku. Alipoanza kusifika mjini akaitwa Siti, yaani bibi, na kwa jina hilo ndilo aliloenda nalo Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Tazama alikokwenda kutafuta heshima. Siti na Mwana ni neno moja kwa lugha mbili. Kila Mwanajuma wa kijijini alizaliwa nalo bure.

Kuna jambo moja linanisumbua, na ndilo hasa lililonifanya nisiachane na habari hii. Jina la siku ni jina la usawa kuliko yote. Tajiri na maskini wanagawana siku zilezile saba. Ungetegemea lipendwe. Lakini ukilifuatilia unakuta mahali pengi limeishia kuwa tusi.

Jamaika, Quashie, mwanamume wa Jumapili, ndugu wa Quasheba, akawa neno la kumwita mtu mjinga. Mabwana ndio walioanza: mtumwa yeyote, hata asiyezaliwa Jumapili, ni Quashie, na Quashie ni mvivu, ni mpumbavu. Mwanasosholojia Orlando Patterson mwaka 1967 aliandika kurasa nzima juu ya sura hii ya Quashie, kwamba mtumwa naye alijua kuivaa kama kinyago, akajifanya mjinga ili aachwe. Kinyago kikashikana na jina. Baada ya hapo ni mama gani angemwita mwanawe hivyo? Majina ya Kiingereza yakachukua nafasi.

Nigeria, kwa Waigbo, juma la soko lina siku nne: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Wasichana waliitwa kwa siku hizo, Mgbeke, Mgborie, Mgbafor. Leo Mnigeria wa mjini akitaka kumcheka msichana aliyekuja mjini jana, asiyejua kuvaa, anamwita mgbeke. Hakuna bwana wa shamba hapo. Kanisa lilileta majina ya ubatizo, shule ikaleta Kiingereza, mji ukaleta haraka yake, na jina la siku ya soko likabaki kijijini na waliobaki kijijini. Mtu akalitazama jina akaona umaskini.

Ninavyoona mimi, ni usawa wenyewe uliowaponza. Jina la ukoo linakuonyesha ulikotoka. Jina la nabii linaonyesha dini yako, jina la kizungu linaonyesha ulikosoma au ulikotaka kusoma. Jina la siku halionyeshi kitu, linasema tu kwamba ulizaliwa. Na jamii ikishaanza kupimana kwa majina, yule ambaye jina lake halijigambi ndiye anayechekwa. Si mbali na kwetu. Siku hizi ukitaja Mwanahamisi kwenye kikundi cha vijana Nairobi, kuna mtu atacheka aseme hilo ni jina la mama wa kuuza mahamri. Ati sasa mama wa mahamri ndiye kipimo cha jina bovu! Wakati huohuo orodha za majina ya watoto kwenye intaneti zinatuuzia Ama na Abena kama majina ya kisasa, ya kipekee, ya Kiafrika. Tunanunua siku ya Ghana huku tukiiona ya Kwale ni ya kishamba.

Nyanya yangu mzaa mama ni mmoja wa akina Mwanahamisi hao. Alizaliwa kijijini, na usajili wa vizazi wa serikali ya kikoloni uliwaanza Wazungu. Haukuenea nchi nzima mpaka miaka ya mwanzo ya 1970. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alihitaji tarehe, na kama wazee wengi wa rika lake, akaandikiwa tarehe 1 Januari. Mwaka wakakisia, 1938. Nimeangalia kalenda. Tarehe 1 Januari 1938 ilikuwa Jumamosi. Serikali ina nyanya wa Jumamosi ambaye hakuwahi kuwepo, na sisi tuna Mwanahamisi. Yeye hilo halimsumbui. Anasema karatasi ni ya kwao, Alhamisi ni yake.

Yuko kwenye kundi zuri. Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba tarehe aliyotumia maisha yote, 21 Septemba 1909, ilikisiwa na padri aliyembatiza. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Lakini yeye ni Kwame, na Kwame ni Jumamosi. Kwa hiyo akapiga hesabu kurudi nyuma, akaona Jumamosi ya karibu ilikuwa tarehe 18, akasema huenda ndiyo hiyo. Mama yake, ambaye hakuwa na kalenda ukutani, alikuwa na mwaka wake mwingine kabisa kichwani. Mwaka waligombania. Juu ya Jumamosi hakuna aliyebishana.

Hapo ndipo nimefika. Jina la siku ni kumbukumbu finyu sana. Halisemi mwaka wala mwezi, halimtaji baba, wala halikwambii kama mtoto alilia au alinyamaza. Linasema siku moja kati ya saba. Lakini linasema kwa hakika ambayo padri na karani hawakuwa nayo, kwa sababu lilitolewa na watu waliokuwepo chumbani. Na chumba cha uzazi kilikuwa cha wanawake. Mkunga, nyanya, shangazi, hao ndio waliojua jua limezama au bado, kama huu ni usiku wa Alhamisi au wa kuamkia Ijumaa. Majina haya ni kazi ya mikono yao. Hawakuandika popote, waliyatamka tu.

Mwaka 1817 serikali ya kikoloni Jamaika ilianza kuorodhesha watumwa wote kwenye madaftari, jina, jinsia, umri, mwenye mali. Ukipitia majina ya wanawake kwenye orodha kama hizo, unaweza kuwaona kama wenye mali walivyotaka waonekane, mstari juu ya mstari, mali. Au unaweza kuzisoma siku. Abba, Alhamisi. Mimba, Jumamosi. Juba, Jumatatu. Beneba, Jumanne. Kila mstari ni chumba fulani, na mwanamke fulani aliyeinua macho akasema leo ni siku gani. Phibbah hakuacha barua hata moja, na aliyemzaa hatutamjua kamwe. Lakini mtu alihesabu vizuri, na hesabu yake imetufikia. Ilikuwa Ijumaa.